Titus Salt

Sir Titus Salt (Morley, Yorkshire, 20 Septemba 1803 – Lightcliffe, karibu na Halifax, 29 Desemba 1876) alikuwa mfanyabiashara wa sufu, mwenye viwanda na mwanasiasa wa Uingereza. Anakumbukwa hasa kwa mambo mawili. Kwanza, alifaulu kutengeneza kitambaa kizuri cha kuuzika kutokana na sufu ya alpaka, mnyama wa milima ya Andes huko Amerika Kusini, wakati wafanyabiashara wengi wa Uingereza waliiona sufu hiyo haina faida. Pili, kwa mali aliyoipata alijenga Saltaire, kiwanda pamoja na mji mdogo wa wafanyakazi wake, ambao tangu mwaka 2001 umo katika orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia.

Maisha ya awali

Titus alizaliwa Morley, karibu na mji wa Leeds, akiwa mtoto wa kwanza wa Daniel Salt na Grace Smithies. Baba yake alikuwa mfanyabiashara. Titus alipokuwa na umri wa miaka kumi hivi, familia ilihamia shamba la Crofton, karibu na Wakefield. Kilimo hakikuleta faida iliyotazamiwa, na mwaka 1822 familia ilihamia Bradford, ambako Daniel alianza kununua na kuuza sufu.

Kijana Titus alijifunza kazi kwa vitendo. Kwanza alikaa kwa mfanyabiashara wa sufu wa Wakefield, kisha akaingia katika kiwanda cha kampuni ya Rouse huko Bradford. Humo alijifunza kuchambua sufu kwa mkono na kwa jicho, kuiosha, kuichana, kuisokota na kuifuma. Elimu hiyo ilimfaa maisha yake yote, kwa kuwa aliweza kushika fungu la sufu na kutambua kama litatoa uzi mzuri au la. Mwaka 1824 alijiunga na biashara ya baba yake, ambayo ikaitwa Daniel Salt na Mwana.

Mwaka 1830 alimwoa Caroline Whitlam, binti wa mkulima wa eneo la Grimsby. Walipata watoto kumi na mmoja, na baadhi yao walifariki wakiwa wadogo.

Sufu ya Urusi

Jaribio lake kubwa la kwanza lilihusu sufu ya Donskoi, kutoka nchi za mto Don kusini mwa Urusi. Sufu hiyo ilikuwa rahisi kwa bei, lakini ilikuwa ngumu na yenye kusokotana vibaya. Ilitumika kwa vitambaa vizito tu. Salt aliamini kwamba ingeweza kutoa uzi mwembamba, akaipeleka kwa wenye viwanda vya kusokota wa Bradford. Wote walikataa kuinunua.

Badala ya kuacha, alikodi kiwanda, akaweka mashine zake mwenyewe, akasokota sufu hiyo na kufaulu. Kwa njia hii aliacha kuwa mchuuzi wa sufu tu, akawa mwenye kiwanda. Baba yake alipostaafu mwaka 1833, Titus alibaki akiongoza biashara peke yake.

Alpaka na sufu yake

Alpaka ni mnyama wa familia ya ngamia, lakini hana nundu. Ndugu zake wa karibu ni lama, vikunya na guanako. Alifugwa na wenyeji wa Andes maelfu ya miaka kabla ya Wahispania kufika, na wakati wa dola la Wainka vitambaa vizuri vya sufu yake vilikuwa mali ya heshima. Hadi leo alpaka wengi wako Peru, na wengine wako Bolivia na Chile.

Makazi yake ya kawaida ni nyanda za juu sana, mara nyingi zaidi ya mita 3,500 juu ya usawa wa bahari. Kwa kulinganisha, vilele vya milima ya Usambara nchini Tanzania havifiki mita 2,500. Huko Andes jua ni kali mchana na baridi ni kali usiku, na mnyama huyu amejaliwa sufu ya kumkinga.

Kuna aina mbili za alpaka. Huakaya ana sufu iliyojikunja na kujaa kama ya kondoo. Suri ana nywele ndefu zinazoning'inia na kung'aa. Sufu ya alpaka ina rangi nyingi za asili: nyeupe, kahawia, kijivu, nyeusi na nyingine za katikati. Inatofautiana na sufu ya kondoo kwa mambo kadhaa:

- Ina mafuta kidogo sana, hivyo haihitaji kuoshwa kwa nguvu kama sufu ya kondoo.
- Magamba ya uso wa unywele wake ni madogo na yamelala, ndiyo maana ni laini na inang'aa.
- Ndani ya nywele nyingi mna nafasi za hewa, hivyo nguo huwa nyepesi na yenye joto.
- Haina mnyumbuko mkubwa, kwa hiyo nguo ya alpaka tupu huweza kurefuka na kupoteza umbo.

Sifa hizo zilizoipa thamani ndizo pia zilizowashinda wafumaji wa Uingereza. Nywele zilikuwa ndefu na telezi, na mashine zilizotengenezwa kwa ajili ya sufu ya kondoo hazikuzishika vizuri. Karibu na mwaka 1830 Benjamin Outram wa Greetland, karibu na Halifax, alifuma vitambaa vya alpaka, lakini viliuzwa ghali kama vitu vya ajabu, na biashara haikuendelea.

Marobota ya Liverpool

Mwaka 1836 Salt aliona katika ghala moja bandarini Liverpool marobota ya sufu ya alpaka yaliyokaa muda mrefu bila mnunuzi. Alichukua kiasi kidogo, akaenda nacho nyumbani, akakiosha, akakichana na kukipima urefu. Baadaye alirudi na kununua shehena yote, zaidi ya marobota 300. Inasemekana wenye ghala hawakuamini kwamba mtu mwenye akili timamu angeitaka.

Mwandishi Charles Dickens aliisimulia habari hiyo mwaka 1852 katika jarida lake la Household Words, huku akibadilisha majina ya wahusika na kuongeza mzaha. Masimulizi mengi ya baadaye yanafuata maelezo yake, kwa hiyo ni vigumu kutenganisha kila kipande cha ukweli na mapambo ya mtunzi.

Kazi iliyofuata haikuwa ya bahati. Salt alifanya majaribio kwa muda mrefu, sehemu kubwa akiwa faraghani, na ilimbidi kubadilisha mashine za kuchana na kusokota ili zifae nywele ndefu. Ufumbuzi mkubwa ulikuwa katika mpangilio wa nyuzi. Kila kitambaa kilichofumwa kina nyuzi za mtande, zinazotandazwa kwa urefu na kuvutwa sana, na nyuzi za mshindio, zinazopita kwa upana. Wakati huo wafumaji wa Bradford walikuwa wameanza kutumia mtande wa pamba. Salt aliweka pamba, na mara nyingine hariri, kwenye mtande, kisha akaweka alpaka kwenye mshindio. Pamba ilibeba mvuto na kulinda umbo, na alpaka ilijitokeza juu ya uso wa kitambaa na kukipa mng'ao.

Matokeo yalikuwa kitambaa chepesi, imara, kinachong'aa karibu kama hariri, lakini kwa bei ambayo wanawake wa tabaka la kati waliimudu. Mtindo wa magauni mapana wa wakati huo ulihitaji kitambaa kingi kisicho kizito, na alpaka ililingana kabisa na hitaji hilo. Katika miaka ya 1840 Malkia Victoria, aliyekuwa na alpaka wake wachache huko Windsor, alipeleka sufu yao kwa Salt ili afumiwe nguo. Jambo hilo liliongeza sifa ya kitambaa hicho.

Matumizi yake yalienea. Mwaka 1848 William Sangster wa London alipata hataza ya kufunika miavuli kwa alpaka badala ya hariri. Kitambaa hicho kilitumika pia kwa bitana za makoti, na makoti mepesi ya alpaka yalivaliwa na makarani na wachungaji hata katika nchi za joto, kwa sababu hayakuwa mazito na vumbi halikushika sana juu yake.

Bei ya sufu ya alpaka ilipanda, na mahitaji yake yakawa makubwa hata serikali ya Peru ikakataza kusafirisha wanyama hai nje ya nchi. Mwaka 1858 Mwingereza Charles Ledger alifika Australia na kundi la alpaka na lama alilolitoa Amerika Kusini kwa siri, lakini ufugaji huo haukufanikiwa wakati ule.

Bradford ya moshi

Utajiri wa sufu ulikuwa na gharama yake. Mwanzoni mwa karne ya 19 Bradford ilikuwa mji mdogo wa watu 13,000 hivi. Sensa ya mwaka 1851 ilihesabu zaidi ya 100,000. Nyumba zilijengwa haraka na kwa kubanana. Maji machafu yalitiririka kwenye kijito na kwenye mfereji wa mashua, na watu waliteka maji ya kunywa karibu na hapo hapo. Bomba za moshi za viwanda, zaidi ya 200, zilifanya anga kuwa jeusi. Watoto wengi walikufa kabla ya kukua.

Salt alichaguliwa kuwa meya wa Bradford mwaka 1848. Katika kipindi chake, mwaka 1849, kipindupindu kiliingia mjini na kuua mamia ya watu. Alitembelea wagonjwa na kutoa fedha za msaada. Alijaribu pia kupunguza moshi kwa kuweka katika viwanda vyake tanuri la Rodda, lililochoma makaa kwa moshi mdogo, akawahimiza wenzake wafanye vivyo hivyo. Wengi hawakumfuata, na halmashauri haikuwalazimisha.

Kufikia wakati huo alikuwa na viwanda vitano sehemu mbalimbali za mji na alikuwa miongoni mwa waajiri wakubwa kabisa wa Bradford. Angeweza kustaafu akiwa tajiri. Badala yake aliamua kuviunganisha viwanda vyote mahali pamoja, nje ya mji.

Ujenzi wa Saltaire

Mahali alipochagua palikuwa kilomita 5 hivi kutoka Bradford, katika bonde la mto Aire, karibu na reli na mfereji wa Leeds na Liverpool. Jina Saltaire limeunganisha jina lake na jina la mto. Wasanifu majengo walikuwa Lockwood na Mawson, na mhandisi William Fairbairn alisimamia mitambo. Ujenzi ulianza mwaka 1851.

Kiwanda kilifunguliwa tarehe 20 Septemba 1853, siku Salt alipotimiza miaka 50. Wafanyakazi wapatao 2,400 waliletwa kutoka Bradford kwa treni, wakala chakula pamoja na wageni wa heshima katika ukumbi wa kuchania sufu kabla mashine hazijawekwa humo.

Jengo kuu lilikuwa na urefu wa mita 166 na ghorofa sita. Lilikuwa na mashine za kufumia 1,200, na lilikusudiwa kuajiri watu 3,000. Sehemu nyingi za mitambo ya kuzungusha mashine zilipitishwa chini ya sakafu ili kupunguza kelele na hatari. Madirisha makubwa yaliingiza mwanga, na bomba la moshi lenye mita 76 lilifanana na mnara wa kanisa la Italia.

Baada ya kiwanda zilijengwa nyumba, zaidi ya 800 kwa jumla. Kila nyumba ilikuwa na maji ya bomba, gesi ya taa na choo chake, mambo ambayo wafanyakazi wengi wa Bradford hawakuwa nayo. Kufikia mwaka 1871 waliishi humo watu zaidi ya 4,000. Mitaa mingi ilipewa majina ya mke na watoto wa Salt. Hatua kwa hatua yaliongezwa:

- kanisa la Wakongregasionali, dhehebu lake Salt, mwaka 1859;
- bafu na jengo la kufulia lenye mashine za mvuke;
- shule na hospitali ndogo, mwaka 1868;
- nyumba 45 za wazee na wasiojiweza, waliopewa pia posho ya kila wiki;
- jumba la elimu na burudani lenye maktaba, ukumbi na maabara, pamoja na bustani kubwa ya umma, mwaka 1871.

Maisha ya wafanyakazi

Katika viwanda vya Yorkshire vya wakati huo wafanyakazi wengi walikuwa wanawake na vijana. Sheria iliruhusu watoto kufanya kazi nusu siku na kusoma nusu siku, na Saltaire nayo ilikuwa na watoto wa namna hiyo.

Salt aliwapa watu wake makazi bora, lakini hakuwapa mamlaka. Alikuwa mwajiri na mwenye nyumba kwa wakati mmoja, na mtu aliyepoteza kazi aliweza kupoteza pia mahali pa kulala. Hapakuwa na baa katika mji, kwa sababu Salt aliona ulevi kuwa chanzo cha umaskini. Jumba la burudani lilikusudiwa kuwapa watu mazungumzo na michezo ya baa bila pombe.

Wanahistoria hawakubaliani juu ya nia yake. Wengine humwona kama Mkristo aliyetimiza wajibu wake kwa maskini. Wengine husema kwamba wafanyakazi wenye afya na watulivu walikuwa na faida kwa kiwanda, hasa baada ya machafuko ya miaka ya 1840, wakati Wachartisti walipodai haki ya kura. Salt alikuwa mtu wa maneno machache na hakuacha maandishi ya kueleza kwa nini aliijenga Saltaire. Huenda sababu zote mbili zilikuwa na nafasi yake.

Ugonjwa wa wachambuaji

Kulikuwa na hatari moja ambayo majengo mazuri hayakuiondoa. Tangu sufu ya alpaka na ya mbuzi wa Angora ilipoanza kuletwa Bradford kwa wingi, baadhi ya watu waliofungua marobota na kuchambua sufu walishikwa ghafla na homa na kubanwa na kifua, na wengi wao walikufa baada ya siku chache. Watu waliuita ugonjwa wa wachambuaji wa sufu, na chanzo chake hakikujulikana wakati wa uhai wa Salt.

Mwaka 1876, mwaka uleule alipofariki, Robert Koch wa Ujerumani alichapisha utafiti wake juu ya bakteria wa kimeta. Miaka michache baadaye daktari John Henry Bell wa Bradford alionyesha kwamba ugonjwa wa wachambuaji ulikuwa kimeta, ugonjwa uleule unaojulikana na wafugaji wa Afrika Mashariki, isipokuwa hapa uliingia mwilini kwa kuvuta vumbi la sufu ya wanyama wagonjwa. Hapo ndipo zilipoanza kuwekwa kanuni za kulowesha sufu kabla ya kuifungua na kuvuta vumbi kwa feni. Mwaka 1921 serikali ya Uingereza ilifungua huko Liverpool kituo cha kusafisha sufu zenye hatari kabla hazijafika viwandani.

Siasa na heshima

Salt alikuwa mfuasi wa siasa za kiliberali. Aliunga mkono kuongezwa kwa watu wenye haki ya kupiga kura na kuondolewa kwa ushuru wa nafaka uliopandisha bei ya mkate. Mwaka 1859 alichaguliwa kuwa mbunge wa Bradford, lakini hakupenda kazi ya kuhutubia bungeni. Afya yake ilidhoofika, akajiuzulu mwaka 1861.

Mwaka 1867, wakati wa maonyesho ya kimataifa ya Paris, alipewa nishani ya Legion of Honour ya Ufaransa. Mwaka 1869 Malkia Victoria alimpa cheo cha baroneti, na kuanzia hapo aliitwa Sir Titus. Katika nembo ya ukoo wake aliweka picha ya alpaka.

Mwaka 1874 wananchi wa Bradford walisimamisha sanamu yake mjini akiwa bado hai. Baadaye sanamu hiyo ilihamishiwa bustani ya Lister Park, ambako ipo hadi leo.

Kifo

Sir Titus alifariki nyumbani kwake Crow Nest, Lightcliffe, tarehe 29 Desemba 1876, akiwa na umri wa miaka 73. Alizikwa Saltaire mwanzoni mwa Januari 1877, katika kaburi la familia lililo ubavuni mwa kanisa alilolijenga. Inakadiriwa kwamba watu 100,000 walisimama kando ya njia kuona msafara wa mazishi.

Sehemu kubwa ya mali yake alikuwa ameshaitoa akiwa hai, kwa makanisa, shule, hospitali na nyumba za yatima, mbali na gharama za Saltaire yenyewe. Makadirio ya misaada yake hutofautiana, lakini yote yanataja mamia ya maelfu ya pauni. Mwaka 1877 mchungaji Robert Balgarnie alichapisha kitabu cha maisha yake, ambacho bado hutumiwa na watafiti ingawa kiliandikwa na rafiki.

Saltaire baada yake

Wanawe waliendesha kiwanda, lakini mitindo ilikuwa imebadilika. Wanawake walipendelea vitambaa laini vya sufu vya Ufaransa kuliko vitambaa vikavu vinavyong'aa, na nchi za nje ziliongeza ushuru. Titus mdogo, mwana aliyejishughulisha zaidi na kiwanda, alifariki mwaka 1887. Mwaka 1892 kampuni ilishindwa kuendelea, na mwaka uliofuata ilichukuliwa na wafanyabiashara wengine, akiwemo James Roberts.

Kiwanda kiliendelea kufuma chini ya wamiliki mbalimbali hadi kilipofungwa mwaka 1986. Mwaka 1987 Jonathan Silver alikinunua na kukigeuza kuwa mahali pa maonyesho ya sanaa, maduka na ofisi. Kuna mkusanyo mkubwa wa kazi za mchoraji David Hockney, mzaliwa wa Bradford. Nyumba za wafanyakazi bado zinakaliwa.

Nguo za alpaka leo

Kitambaa kikavu cha Salt, chenye mtande wa pamba, ni nadra siku hizi. Nguo nyingi za alpaka za sasa ni sweta, shali, kofia na soksi zilizosukwa kwa uzi laini wa huakaya. Katika sehemu za baridi za Afrika Mashariki, kama Gare na vijiji vingine vya Lushoto, ambako sweta huhitajika hasa kuanzia Juni hadi Agosti, nguo za sufu huuzwa pia kama mitumba. Anayenunua hufaa kujua mambo yafuatayo.

Lebo hutaja asilimia ya kila aina ya uzi. Maneno baby alpaca hayana maana ya sufu ya mtoto wa alpaka. Ni daraja la wembamba wa nywele, mikroni 22 hivi. Nguo yenye mchanganyiko wa alpaka na sufu ya kondoo hushika umbo kuliko alpaka tupu, kwa sababu ileile iliyomfanya Salt atumie pamba kwenye mtande. Kama lebo imekatwa, uzi mmoja uliong'olewa kwenye mshono unaweza kuchomwa: sufu hunuka kama nywele zilizoungua na kuacha jivu linalosagika, lakini uzi wa plastiki huyeyuka na kuacha tone gumu. Ni vizuri kuigusisha nguo shingoni, kwa kuwa ngozi ya hapo huhisi upesi kama inawasha.

Nguo ya alpaka haihitaji kufuliwa mara kwa mara. Mara nyingi inatosha kuianika kivulini ipate hewa. Ikichafuka, huoshwa kwa mkono katika maji baridi au vuguvugu kidogo, kwa sabuni isiyo kali, bila kuisugua wala kuikamua kwa kuisokota. Maji ya moto na msuguano huifanya sufu ishikamane na kusinyaa, na haiwezi kurudishwa katika hali yake. Baada ya kusuuzwa, nguo huviringishwa ndani ya taulo na kukandamizwa ili maji yatoke, kisha hulazwa mahali tambarare penye kivuli. Ikitundikwa kwenye kamba ikiwa mbichi, uzito wa maji huivuta na kuirefusha.

Wakati wa kuhifadhi, nguo hukunjwa badala ya kutundikwa. Adui mkubwa ni viwavi wa nondo wa nguo, ambao hula sufu na hupenda hasa sehemu zenye jasho na madoa ya chakula. Kwa hiyo nguo husafishwa kwanza, hukaushwa kabisa, kisha huwekwa katika mfuko uliofungwa vizuri. Katika milima yenye ukungu, kama Usambara, ni muhimu kuitoa mara kwa mara siku ya jua na kuikung'uta, maana unyevu uliofungiwa ndani huleta uvundo na madoa ya kuvu.